Celica ya Mwaka 1979, Injini ya Altezza: Mafunzo Niliyopata

Kama unatamani gari la michezo la zamani na kipato chako ni cha kawaida, tafuta Toyota Celica ya toleo la pili, ile iliyotoka kiwandani kati ya 1977 na 1981. Datsun 240Z, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na 1973, imeshakuwa mali ya wakusanyaji. Escort za zamani nazo zimewafuata wenye fedha. Celica bado unaikuta nyuma ya nyumba ya mtu, matairi yamekwisha upepo, kuku wametagia kiti cha nyuma, na mwenyewe yuko tayari kuzungumza. Umbo lake lilichorwa California, kwenye studio ya Toyota iitwayo Calty, na hadi leo ukiiegesha sokoni watu wanaizunguka. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina springi za koili kote kote, na uzito wake ni kama tani moja tu. Kwa gari la kufurahia barabara, sijui unataka nini zaidi.

Unyonge wake uko chini ya boneti. Yangu ni TA40, na ilikuja na injini ya 2T ya cc 1588: kabureta, vali zinasukumwa kwa fito, mvumilivu lakini mzito wa kuamka. Niliitoa nikafunga 3S-GE ya Altezza pamoja na gia boksi yake ya gia sita. Watu wakiliona gari huniuliza juu ya injini. Ninachowajibu kwa sehemu kubwa hakihusu injini, nanyi mtaona ni kwa nini.

1. Nunua bodi na karatasi

Muuzaji atakuwashia gari, atalikanyagia mafuta, atakwambia sikiliza lilivyotulia. Mwache aendelee, wewe piga magoti uangalie bati. Injini ile unaitoa. Bodi unabaki nayo.

Niliikuta ya kwangu Tanga, chini ya mwembe. Tanga ni mji wa bahari, na chumvi ya bahari haina huruma na gari lililosimama. Nilikwenda na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika mbovu, nikaiviringisha kitambaa cha kufutia miwani isije ikakwaruza rangi. Unaitembeza taratibu chini ya milango, juu ya matao ya magurudumu, kwenye kona za boneti. Penye bati inavutwa mpaka unasikia ikigonga. Penye puti inateleza na kukuangukia mkononi. Ilianguka chini ya mlango wa kulia na kwenye tao la nyuma. Nikainua kapeti, nikasukuma bisibisi kwenye sakafu upande wa abiria, ikapenya na kutokea chini. Hayo yote fundi bodi anayaweza: anakata, anachomelea bati jipya, anasawazisha.

Sehemu zilizoamua biashara zilikuwa nyingine kabisa. Ile minara miwili ya mbele ambako shokapu inafungwa na bodi, na mihimili inayobeba krosimemba na injini. Hapo sumaku ilinata kila mahali, na bisibisi iligonga chuma kikajibu. Kama hapo pameoza, ondoka hata ukipewa gari bure, maana injini yenye nguvu zaidi ya mara mbili itaipinda mihimili hiyo siku moja ukiwa barabarani na mtu pembeni yako. Ukipata gari lililokaa Dodoma au Singida, kwenye hewa kavu, utakuwa umeokoa kazi ya miezi mingi ya fundi bodi.

Kisha karatasi. Magari mengi ya umri huu wenyewe wameshatangulia mbele ya haki, na kadi bado ina majina yao. Mjane wa mwenye gari alinipokea vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya gari la mzee?"

Bei tulikubaliana siku ileile, kwenye mkeka barazani. Dalali akasema yaishe hapohapo, mtoto mkubwa asaini hati ya mauziano na mimi niondoke na gari. Nikamwomba mama tungoje. Familia ikaenda Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi akateuliwa, naye ndiye aliyeniuzia. Kusubiri kulinichosha, lakini leo hakuna mdogo wa marehemu wala mtoto wa ndoa nyingine atakayetokea kudai urithi wake juu ya gari ambalo nimeshalimwagia fedha. Na kabla hujatoa hata shilingi, chukua brashi ya waya na tochi, fungua boneti, usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi. Isome tarakimu kwa tarakimu mbele ya kadi.

2. Futi kamba kwanza, mapenzi baadaye

Kila kijana anayependa magari atakwambia funga 1JZ. Ni injini nzuri, cc 2500, silinda sita kwenye mstari mmoja, na sauti yake inasisimua. Wengine watakupigia debe 1G-FE ya Mark II, ambayo imejaa nchi nzima. Zote mbili zina kasoro moja isiyobishaniwa: ni ndefu.

Toyota wenyewe walikutana na tatizo hili. Mwaka 1978 walipotaka kuweka silinda sita kwenye Celica hii hii, walilazimika kurefusha pua ya gari kwa karibu sentimita 13, na gari likapewa jina jipya: Celica XX kule Japani, Celica Supra kwingineko. Kiwanda chenye mashine na wahandisi wote wale kiliona hakuna namna ya kuibana ikaenea. Ukilazimisha kwenye pua fupi, rejeta inasogezwa mpaka nyuma ya bampa, feni inakosa pa kukaa, na uzito wote unalalia magurudumu ya mbele. Gari lililokuwa jepesi kwenye kona linakuwa la kusukumana nalo. Nimeliendesha mojawapo lililofanywa hivyo. Kwenye barabara iliyonyooka lilikuwa raha; kwenye kona za mteremko sikutaka kuliendesha tena.

Basi nikabaki na silinda nne, na hapo pia kuna mtego. Familia ya 3S ni kubwa. 3S-FE iko kwenye RAV4, Ipsum, Caldina, na bei yake ni rahisi. Lakini kwenye magari hayo injini imelala kwa kukingama, upande hadi upande, na kwa nyingi distribyuta imechomoza mwishoni mwa silinda hedi. Ukiigeuza ilale kwa urefu, distribyuta inaingia kwenye ukuta wa dashibodi. Utaanza kukata ukuta, kuhamisha njia za maji, kutafuta gia boksi inayooana nayo. Kazi haiishi.

Altezza, iliyouzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, ilizaliwa na injini imelala kwa urefu na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. 3S-GE yake haina distribyuta. Kila plagi ina koili yake juu. Bloku ni ya chuma cha kusubu, imara. Ya gia za mkono ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 210, na Altezza yenyewe ina zaidi ya kilo 1,300. Weka nguvu hizo kwenye Celica ya tani moja, huhitaji turbo.

3. Funga injini ambayo mtaa wako unaijua

Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika hapa, na nimelibishania kwenye vijiwe vingi.

Wapo wanaosema gari la zamani libaki kama lilivyotoka kiwandani, na kubadilisha injini ni kulinajisi. Nawaheshimu. Wanayapenda magari haya kama mimi. Ila waniambie ringi za 2T zenye kipimo sahihi zinapatikana duka gani hapa mjini. Nilizunguka maduka ya Arusha, nikapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, ambako kama spea ya Toyota imewahi kuingia nchini, kuna mtu anajua ilipo. Gasketi ya hedi ilipatikana moja, imekauka kama biskuti. Kabureta wakanipa ya gari jingine, ati ichongwe ifanane. Gari linaloendeshwa hivyo linageuka pambo la uani, na pambo la uani linaoza.

Altezza ziko kila kona ya Afrika Mashariki. Vijana wanazikimbiza, wanazigonga, zinachinjwa kwa ajili ya spea. Kwa hiyo mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sensa, koili, fani za klachi, vyote navipata kwa siku moja, na fundi anayezifungua kila wiki hahitaji kubahatisha. Nikiharibikiwa Korogwe, Same au Babati, kuna mtu pale ambaye ameshawahi kushika injini hii. Ndiyo maana nasema injini niliyoifunga imeifanya Celica iwe ya hapa zaidi kuliko ilivyokuwa.

Na kuhusu uasili: kiwanda chenyewe hakikuwa na injini moja takatifu ya bodi hii. Wengine walipewa 2T, wengine 18R, wengine 18R-G yenye kemshafti mbili juu, Wamarekani wakapewa 20R ya cc 2189 na baadaye 22R. Toleo lililofuata likawekewa turbo na kushinda Safari mara tatu mfululizo: 1984, 1985 na 1986. Celica imekuwa ikibadilishiwa moyo tangu iko Japani.

4. Usinunue injini iliyo tupu

Dukani utaonyeshwa injini imekaa kwenye godoro la mbao, imepakwa dizeli ing'ae, bei ya kuvutia. Iache. Tafuta gari lililokatwa nusu, lile mafundi wanaloliita hafukati, likiwa na kila kitu kuanzia bampa ya mbele hadi ukuta wa dashibodi. Mengi yanatoka Japani, na mengine yanapitia Sharjah, ambako wafanyabiashara wetu wamezoea kwenda kuchagua wenyewe kwenye yadi za vyuma vya magari.

Unachotaka kutoka kwenye hiyo nusu: injini, gia boksi, flaiwili na klachi, pedali ya klachi pamoja na pampu zake, kontrol boksi, wayaringi mzima usiokatwa, boksi la fyuzi, pedali ya mafuta na kebo yake, sensa ya hewa na bomba lake, ekzosi ya mbele yenye sensa ya oksijeni, alteneta, hata vipande vya mabano ambavyo huoni kazi yake. Usikubali mtu akate waya mbele yako ili "ibebeke". Waya moja iliyokatwa ovyo itamla fundi umeme siku nzima. Na hakikisha kontrol boksi ni ya gari la gia za mkono. Ile ya otomatiki inatafuta gia boksi isiyokuwepo, inawasha taa ya hitilafu, na injini haitoi nguvu zake zote.

Kabla ya kulipa nilifungua kifuniko cha oili nikatazama upande wa ndani. Ukikuta ute mweupe kama maziwa ya mgando, maji yanaingia kwenye oili. Sogea kwenye injini nyingine. Toa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wake juu ya gazeti. Zikifanana rangi, ni dalili njema. Kisha pima kompreshani ya kila silinda. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti baina ya silinda na silinda; tatu zikiwa juu na moja imeanguka, kuna ringi au vali iliyokufa. Mkanda wa taimingi, oili sili za mbele na nyuma, klachi, badilisha vyote injini ikiwa bado iko chini. Ikishaingia kwenye gari, kazi ya saa moja inakuwa kazi ya siku mbili.

Na fedha zikusanye ukijua kwamba injini na gia boksi vilimeza kama robo tu ya gharama yangu. Kilichobaki kilikwenda kwa hozi, vibano, nati, mabomba, welding, kukereza, rejeta, na breki.

5. Pima maji ni muhimu kuliko welding

Fundi wangu ni mzee ambaye alianza kazi hii wakati Celica hizi zikiwa mpya barabarani. Tuliitundika injini kwenye cheni bloku ikiwa na gia boksi yake, tukaishusha taratibu. Sampo ikagonga krosimemba. Nilitegemea achukue grenda akate krosimemba. Akanikatalia.

"Kijana, hiki ndicho kinachoshika magurudumu yako ya mbele. Tutaichonga sampo, ile inashika oili tu."

"Sawa mzee."

Sampo ikakatwa na kuundwa upya, bomba la kunyonyea oili likahamishwa lifuate kina kipya, na ndani akaweka vibati vya kuzuia oili isikimbilie upande mmoja ukiwa kwenye kona. Halafu ikaja sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka. Injini ikiwa bado inaning'inia, alichukua pima maji ya mwashi, akaiweka kwenye tako la gia boksi, akasoma mwinamo, akaenda nyuma akaiweka kwenye uso wa difu. Akashusha kidogo, akapima tena. Mhimili wa gia boksi na mhimili wa difu lazima iende sambamba, hata kama mmoja uko juu ya mwingine. Isipoenda sambamba, zile joint mbili za propela zinapishana mwendo, na gari linatetemeka kwenye kasi fulani. Watu hubadilisha matairi, hubalansi rimu, hubadilisha mauntingi, na mtetemo uko palepale.

Aliporidhika ndipo akakata maboksi ya karatasi ngumu kutengeneza ruwaza za mabano ya mauntingi, akayajaribu mpaka yakakaa, ndipo akagusa chuma. Propela tulipeleka kwa mkerezaji: nusu ya mbele ya Altezza, nusu ya nyuma ya Celica, ikaunganishwa na kubalansiwa kwenye mashine. Propela iliyochomelewa bila kubalansiwa ni hatari; inazunguka maelfu ya mara kwa dakika chini ya kiti chako.

Tundu la gia kwenye sakafu lilisogezwa nyuma na kupanuliwa. Hilo halina maelezo marefu.

6. Petroli haina msamaha

Injini ya kabureta ilikunywa petroli kwa pampu ndogo isiyofikisha hata nusu bar. Injini ya sindano inataka kama bar tatu. Kwa hiyo kila kitu kati ya tangi na injini kinabadilika: pampu ya umeme, filta, regyuleta ya presha, bomba la kurudishia mafuta, na hozi. Hozi ndiyo ninayoisemea kwa uchungu. Mpira wa kawaida wa petroli unaouzwa kwa mita ukiupa bar tatu utavumilia kidogo, kisha utapasuka, na utapasuka mahali penye joto. Nunua hozi iliyoandikwa kuwa ni ya presha ya sindano, tumia vibano vinavyoizunguka vizuri, na bomba lipite mbali na ekzosi. Pampu iunganishwe kwa rilei inayozimwa na kontrol boksi injini ikizimika, ili gari likipinduka petroli isiendelee kumwagika.

Tangi la zamani halina vizuizi vya ndani vya kutosha. Likiwa robo, ukiingia kwenye kona mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, injini inakata. Tuliweka kitangi kidogo cha kati ambacho kinajazwa na pampu ya kwanza, na pampu ya presha inanyonya humo. Kabla ya hapo tangi lilisafishwa kutu: mnyororo mfupi ndani, maji na sabuni, mtikisiko wa muda mrefu, kisha kukausha juani. Vumbi jekundu lililotoka lingeziba sindano zote nne kwa siku ya kwanza.

7. Shuku ethi kabla ya kushuku kompyuta

Gari lilipowaka mara ya kwanza gereji nzima ilipiga makofi. Kesho yake likaanza tabia: asubuhi linawaka, likipata joto stata inazunguka kwa unyonge, taa ya hitilafu inawaka, mshale wa temperecha unapanda ukiwasha taa kubwa. Waliosimama pembeni wakasema kontrol boksi imekufa. Kijana wa umeme hakubishana nao. Alimwambia mwenzake apige stata, yeye akashika kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali kwenda injini. Akaniita niiguse. Ilikuwa ya moto.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Injini imekaa juu ya mauntingi za mpira, na mpira haupitishi umeme. Stata inahitaji umeme mwingi, na umeme huo lazima urudi kwenye betri. Ukikosa njia nene ya kurudia, unapita popote penye chuma: kebo ya mafuta, kebo ya breki ya mkono, bomba. Na sensa zote zinapimwa kwa kulinganisha na ethi hiyo hiyo, kwa hiyo kompyuta inadanganywa bila kosa lake. Akafunga waya mnene kutoka bloku hadi betri, mwingine kutoka bloku hadi bodi, akakwangua rangi mpaka bati likang'aa kabla ya kukaza nati. Tabia zote zikaisha jioni hiyo.

Kipimo unaweza kukifanya mwenyewe. Waya mmoja wa mita kwenye bloku, mwingine kwenye kichwa hasi cha betri, mtu apige stata. Ukisoma karibu na volti moja, ethi yako ni mbovu, na usinunue kontrol boksi ya mtu.

8. Breki kabla ya kukanyaga

Celica ilitoka na diski mbele na brekishuu nyuma, vyote kwa kipimo cha injini ya 1600. Sikuiendesha barabara kuu na injini mpya mpaka nilipobadilisha diski za mbele kuwa kubwa zenye matundu ya hewa, pedi nzuri, hozi zote za mpira, na silinda kuu. Bushi, boli joint na shokapu vilevile. Anayefunga farasi 200 na kuacha hozi za breki za mwaka 1979 hajali abiria wake.

9. Kadi ifuate injini

Kadi ya gari ina namba ya chesisi, namba ya injini na ukubwa wa injini kwa cc. Ukibadilisha injini, kadi inasema uongo mpaka uirekebishe. Dai risiti ya injini yenye namba ya injini iliyoandikwa, pamoja na nakala ya karatasi za forodha za muuzaji. Peleka gari likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha TRA wabadilishe kumbukumbu. Na bima waambie pia, kwa maandishi. Mtu aliyepata ajali akiwa na kadi isiyofanana na gari anaiachia kampuni mlango wa kukataa kulipa.

10. Mlima na pwani ni injini mbili tofauti

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Zile farasi 210 za Japani, huku kwetu mlimani, ni 180 na kitu. Usimlaumu fundi.

Kabureta iliyosetiwa Tanga ilikuwa ikifika huku inamwaga petroli kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi, na ukisimama kwenye foleni unanusa mafuta. 3S-GE inapima hewa inayoingia na kupunguza petroli yenyewe, na hii ni faida ambayo wanaopenda kabureta hawaitaji. Upande wa pili, injini hii inagandamiza kwa zaidi ya 11 kwa 1, na iliundwa kwa petroli ya Japani yenye oktani kubwa. Arusha hewa nyepesi inaisaidia. Ukishuka pwani, hewa ikawa nzito na joto likapanda, ndipo inaweza kugonga ukikanyaga kwa gia kubwa kwenye kilima. Nikifika Segera nabadilisha mwendo: najaza petroli yenye oktani kubwa kuliko zote iliyopo kituoni, na ninashusha gia mapema badala ya kuilazimisha injini kupanda ikiwa imechoka.

Kazi iliyobaki ni difu. Iliyopo ndiyo ya kiwandani, ya injini ya cc 1588, na kila ninapoondoka kwa gia ya kwanza naachia klachi kwa adabu. Natafuta ekseli ya Hilux ya zamani isiyo ya magurudumu manne, ya nati tano, isiyolia kwenye mwendo. Itafupishwa pande zote mbili, itachomelewa mabano ya springi za koili badala ya zile za majani, na rimu zote nne zitabadilishwa kwa kuwa Celica ina nati nne. Mzee ameshachora ruwaza kwenye karatasi ngumu na kuibandika ukutani kwake. Anasubiri ekseli tu.